Mkono Wangu Ndani ya Mashine

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha taarabu ana kidole kimoja tu kinachojua muziki, nacho ni kile cha shahada, anachobonyezea kitufe cha kinanda. Akishabonyeza, dumbak inalia, rika inalia, besi inalia, naye anasogea mbele na kipaza sauti chake, kajipamba, kajifukiza, anaanza kuimba kama kwamba nyuma yake wamekaa watu kumi na mbili. Nyuma yake hamna mtu. Kuna meza na waya.

Zamani tulikuwa watu. Mimi nilikuwa wa dumbak, ile ngoma ya kupakata, unaiweka pajani, ukiipiga katikati inasema dum, ukiipiga ukingoni inasema tak, na baina ya dum na tak ndimo nilimopitisha zaidi ya miaka ishirini ya umri wangu. Kilipokuja kinanda, wa kwanza kuambiwa apumzike kidogo alikuwa wa bongo, zile ngoma mbili ndogo. Akapumzika mpaka leo. Kisha wa rika, lile tari la njuga, kisha wa fidla, ambaye kusema kweli alistahiki, maana fidla yake ilikuwa ikilia kama paka kabanwa mlangoni. Nikabaki mimi peke yangu kwenye kiti changu, pembeni ya kinanda, nikipiga juu ya mizunguko iliyopangwa kiwandani na mtu ambaye naapa hajawahi kualikwa harusini.

Waliniacha kitini kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe ni kutunza. Mwanamke anakaa mkekani kwake, anasikia ubeti unaomsemea, wa jirani yake mwenye jicho au wa wifi yake asiye na haya. Anainuka, anakuja kwa mwimbaji taratibu, anacheza njia nzima, anamtunza noti, na huku anamtazama kwa pembe ya jicho yule anayetaka ujumbe umfike. Sasa ubeti ule haufai umalizike kabla hajafika. Ukimalizika atakuwa kaja kutunza maneno mengine kabisa, pengine ya mapenzi ya baba na mama, na wifi kule kwenye mkeka anacheka. Mwimbaji, ndiye mwenyekiti huyohuyo, hamwoni anayekuja, kafumba macho kwa maringo. Anayemwona ni mpiga dumbak. Mimi nikimwona mtu kaweka mkono kwenye goti kutaka kuinuka tu, ninailegeza ngoma, nampa mwimbaji tak mbili za ishara, naye anaurudia mstari. Akiwa mnene namngoja. Akiwa na goti bovu namngoja zaidi. Akiwa mshari, anataka kumpitia wifi yake mbele mara mbili, huyo namngoja kwa moyo mkunjufu, kwa sababu na mimi napenda kuona.

Kinanda hakimngoji mtu. Kina mzunguko wake, ukifika mwisho unaanza tena, aliyefika kafika. Mizunguko hiyo mie naijua sana, kwani siku sita kwa wiki nakunja mashuka katika hoteli moja huko Mbweni, na pale mapokezi wamefunga spika inayopiga ngoma ya aina hiyohiyo, sekunde chache, inarudi, inarudi, toka naingia mpaka natoka. Wageni wanapita wanatikisa vichwa. Wanadhani ndiyo Zanzibar hiyo. Nawaonea huruma kidogo, lakini kidogo sana.

Basi siku moja ya Jumapili mwenyekiti alinijia nyumbani kwangu Mpendae, kabeba sahani ya vitumbua, kaifunika kawa. Mtu huyu hajapata kuniletea hata kiberiti. Nikajua lipo.

"Shoga'ngu," akasema baada ya kuulizana hali za watu ambao hata hatuwajali, "watu wanasema ngoma za kinanda chetu hazina ladha. Ati zinasikika za Kihindi."

"Si za Kihindi," nikamwambia. "Wahindi wanajua kupiga."

Akacheka kwa meno ya mbele tu. "Kuna fundi hapo Mwanakwerekwe ana studio. Unakwenda mara moja, unapiga juu ya ile mizunguko, nyimbo zetu tatu zile kubwa, anakutia kwenye mashine. Basi. Popote twendapo tuna mkono wako. Hata ukiwa kazini, hata ukiwa unaumwa."

"Hata nikiwa nimekufa."

"Astaghfirullah! Maneno gani hayo? Kiti chako kipo palepale, bibi weye. Nani wa kukiondosha?"

Mtu akikwambia kiti chako kipo, ujue keshakipima kwa macho na keshaona pa kukipeleka. Nilielewa vizuri sana ninachoombwa. Naombwa niende kwa miguu yangu nikamfundishe kazi atakayenifukuza. Na kiti kile ndicho kilichokuwa changu duniani. Nyumba ya urathi, ina wenyewe tisa. Mume alikwenda zake Bara na hakusahau kitu. Wanangu wana watoto wao. Lakini pale pembeni ya mwimbaji, nikiwa na dumbak pajani, mwanamke yeyote wa mji huu akitaka kuinuka alikuwa hana budi anitazame mimi kwanza.

Mbona nikakubali? Kwa kiburi, sifichi. Nilisema moyoni: waniweke bega kwa bega na huo mzunguko wao, mwenye masikio asikie. Watu watasema, loh, kumbe tulikuwa tunalishwa makapi! Nikala vitumbua. Vilikuwa havikuumuka.

Studio yenyewe ilikuwa nyuma ya soko, ngazi zimepasuka, chumba kimoja kimebandikwa trei za mayai kuta nne ili sauti isitoke. Fundi alikuwa mwanamme wa makamo, mnene, ndevu kazitia hina, mpole kupita kiasi. Watu wapole kupita kiasi siwaamini, unawapiga kijembe kinaingia kama kwenye siagi na hakitoki upande wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ngoma iko wapi?"

Akanionyesha. Ilikuwa kitu kama sinia ya plastiki, juu yake miraba minane ya mpira. Nikaigusa kwa kidole. Ilikuwa laini kama kifutio cha skuli. Nikamuuliza hiki ndicho nnachopiga, akasema ndicho, mraba huu ndio dum, huu ndio tak, hii mingine usiiguse.

"Hii, mama, hairikodi sauti," akanieleza. "Inaandika tu umepiga wapi, umepiga lini, na umepiga kwa nguvu gani. Midi inaitwa. Sauti yenyewe nnaitia mimi baadaye."

"Kwa hivyo nikipiga dum unaweza kutia sauti ya mlango?"

"Hata ya mbuzi, ukitaka."

Angalau alikuwa mkweli. Akanivisha mafoni ya masikioni juu ya mtandio, akazima feni, akauanzisha ule mzunguko. Mwanzo nilikuwa napiga leo nasikia kesho, akachokorachokora kompyuta yake mpaka mkono na sauti vikakutana. Nikapiga ule wimbo mrefu wa kufungulia shughuli, toka mwanzo hadi mwisho, juu ya mpira, kwenye joto la kukaangia samaki. Na wallahi nilipiga. Ule mzunguko wa kiwandani niliuzunguka, nikauacha ukatangulia, nikaufuata, nikaukamata mkia. Kwenye ubeti wa tatu, ule wa jirani, nililegeza na kuurudia mstari, kwa sababu mkono wangu haujui kupita ubeti ule bila ya kurudia. Haijapata kutokea harusi ambayo mtu hakuinuka pale.

Nilipovua mafoni nikamkuta fundi anajikuna ndevu. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari iliyosimama wima, sawasawa, na baina yake vijiti vidogovidogo, ndiyo mapigo yangu hayo, vingine mbele ya mstari, vingine nyuma.

"Mama, umepiga vizuri," akasema, "ila umetoka nje ya mstari."

"Mstari wa nani?"

"Wa wakati. Ona hapa. Umechelewa. Na hapa umechelewa. Hapa umechelewa sana."

"Sikuchelewa. Nimengoja."

"Na hapa ubeti wa tatu umezidisha, mzunguko umeshapita. Umerudia ya nini?"

"Kuna mtu anakuja kutunza."

Fundi akageuka akatazama mlango. Haki ya Mungu, aligeuka akautazama mlango! Hamna mtu mlangoni. Akanirudishia macho yake mapole.

"Hakuna mtu, mama."

Kisha, bila ya kuniuliza, akavikusanya vile vijiti vyote kwa pamoja, akabonyeza herufi moja, na vijiti vikarukia kwenye mistari, tiii, kama watoto wa skuli wamesikia kengele. Ile sehemu niliyorudia akaikata akaitupa. "Hii tunaita kunyoosha," akasema. "Sikiliza sasa."

Nikasikiliza. Sikujijua. Kazi ya miaka zaidi ya ishirini, kajitu kamebonyeza herufi moja. Nilipata hasira mpaka ulimi ukawa mchungu. Sikumtukana, maana alikuwa ananimiminia chai, na mtu mwenye birika mkononi hatukanwi. Nilikaa nikainywa ile chai, nikafikiri. Nikajiambia: ebo! Hawa watu wananitaka mimi au wanataka mistari yao? Kama wanataka mistari, nitawapa mistari. Nitawapa maiti, waiogeshe, waivishe, waipeleke harusini, na watu waikimbie. Halafu mwenyekiti atanijia tena na vitumbua vyake, na safari hiyo vitakuwa vimeumuka.

"Ile ya mwanzo ifute," nikamwambia.

"Nafasi ipo, mama, tunaweza kuiweka."

"Futa."

"Una hakika? Ikishafutika hairudi."

"Wewe mtu, umefunzwa Kiswahili wapi? Futa!"

Akafuta. Sikuona haya, niliona raha. Kitu changu kizuri nimekinyang'anya midomoni mwao. Hawakustahiki.

Akenda kuswali adhuhuri, akarudi, nikamwambia tupige upya. Kupiga vibaya kwa makusudi si kazi nyepesi kama mnavyodhani. Mkono una mazoea yake, unataka kumngoja mtu. Nikaona dawa ni kumfukuza kila mtu kichwani. Nikafikiria mashuka. Shuka la hoteli linakunjwa kwa hesabu, ncha kwa ncha, pindo kwa pindo, halina wifi wala jirani. Nikakunja mashuka kwenye sinia ile ya mpira nyimbo tatu nzima, sikumtazama mwimbaji, sikumngoja mnene, wala mwenye goti sikumwonea imani. Dum, tak, kunja. Dum, tak, weka pembeni.

"Mama!" Fundi alisimama. Kwenye kioo vijiti vyote vimekaa juu ya mistari yenyewe. "Sijapata kuona! Hapa sina hata cha kunyoosha. Mama, wewe ni fundi!"

"Nshajua," nikasema. Nikaondoka na furaha mbaya, ile furaha ya mtu aliyetia chumvi kwenye sukari ya jirani.

Baada ya wiki akatuita, mimi na mwenyekiti, tukasikilize. Mwenyekiti alikuja na miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Fundi alikwisha tia sauti ya dumbak mahali pa mpira, na ilikuwa sauti nzuri, safi, ya ngozi ya kweli, ya ngoma ya mtu mwingine. Wimbo ukapiga. Nikamtazama mwenyekiti usoni. Uso ukamnyauka. Moyo wangu ukawa unacheza ngoma ya msewe.

"Mbona..." akasema. "Mbona kama mashine?"

"Mama kapiga sawa mno," fundi akasema. "Ndiyo shida yake. Lakini hilo dogo. Nnaongeza ubinadamu kidogo."

Sikumwelewa. Akafungua kijidirisha kwenye kioo, kina kitufe cha kusukuma, akakisukuma kidogo kulia. Vile vijiti vikatikisika. Kimoja kikarudi nyuma chembe, kingine kikatangulia, kingine kikafifia.

"Nani anayechagua kipi kichelewe?" nikauliza.

"Hachagui mtu, mama. Inajichagulia yenyewe. Kama kurusha shilingi."

Akapiga tena. Mwenyekiti akavua miwani. Akafumba macho. Akaanza kutikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekunywa kahawa nzuri.

"Naam!" akasema. "Hapo! Huo ndio mkono wake. Wallahi ningeujua popote."

Nilishikwa na kicheko. Niliuvuta mtandio nikaziba uso, mabega yakawa yanatikisika, machozi yakanitoka, na wao wakadhani nalia kwa kuona kazi yangu imehifadhiwa. Mwenyekiti akanikumbatia. Ananukia udi na vitunguu. Mtu huyu ameimba futi mbili kutoka mkono wangu miaka yote hiyo, na sasa mashine inarusha shilingi, anasema ningeujua popote! Nilipotoka pale nilikuwa sina hata chembe ya huruma naye. Nikasema, ngojeni harusi. Mwenyekiti hana masikio, hilo tulilijua, lakini miguu ya wanawake wa mji huu haidanganyiki. Watakaa kwenye mikeka watazame tu. Na kwenye ubeti wa tatu ataumbuka mtu.

Harusi ya kwanza ilikuwa hapahapa Mpendae, shughuli ya wanawake ya baada ya alasiri, uani, chini ya turubai. Sikuvaa sare ya kikundi. Nilivaa doti yangu mpya nikaenda kama mwalikwa, nikachagua mahali pa kuona vizuri. Kiti changu kweli kilikuwepo pembeni ya kinanda, mwenyekiti hakusema uongo. Kakiwekea mkoba wake.

Hapo ndipo alipoletwa bibi mmoja akakalishwa karibu yangu, na huyu lazima nimweleze. Ndiye aliyenifundisha dumbak nilipokuwa msichana, kabla sijajua hata kufunga kanga sawasawa. Alikuwa mpigaji ambaye hata wanamme walikuwa wakisimama nje ya ua kumsikiliza, na katika watu wote waliopata kushika ngoma kisiwani humu, ni yeye peke yake niliyemuogopa. Sasa vidole vimemkunjamana, macho yameingia ukungu, lakini masikio, Mungu kamwachia. Hajapata kunisifu hata mara moja. Nikimaliza kupiga alikuwa akisema tu, "Kunywa maji."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uko huku na wageni?"

"Leo nimo kwenye mashine, bibi. Wamenirikodi."

"Haya, tusikie," akasema, akaweka bakora yake chini. Nikafurahi. Nilijiambia, shahidi gani bora kuliko huyu? Atasikia ubeti mmoja tu atatema mate, na atasema kwa sauti, maana hana adabu ya kunong'ona.

Mwenyekiti akabonyeza kitufe. Ule mzunguko ukaanza, na juu yake ule mkono wanaouita wangu. Nikawatazama wanawake. Wakainuka. Hawakuinuka mmoja mmoja kwa kusitasita, waliinuka safu nzima, viuno vikaingia kazini, vigelegele vikapaa. Nikasema huo ni mwanzo tu, wana hamu, harusi zilikuwa chache. Nikangoja ubeti wa tatu. Ukafika. Mama mmoja mnene wa upande wa bwana harusi akaweka mkono kwenye goti, akainuka, akaanza kuja kwa madaha, na mie nikahesabu: hafiki. Hafiki huyu. Mstari unakwisha yuko katikati ya uwanja. Akasikia mwenyewe kwamba ngoma haimngoji. Basi akafanya nini? Akakaza mwendo! Akaacha madaha, akakusanya kanga, akatembea kama anayewahi foleni ya mkate, akafika, akatunza, akacheka, na wenziwe wakacheka naye. Ubeti wa namna ile ulipokuja tena, wanawake watatu walikuwa wameshatangulia kusimama mbele ya mwimbaji, wanausubiri kama basi. Wamejifunza kwa wimbo mmoja. Wanawake hawa niliokuwa nikiwangoja ujana wangu wote, nikipata maumivu ya kifundo cha mkono kwa ajili ya magoti yao, imewachukua dakika chache kujua kwamba si lazima wangojwe.

Niliwadharau kwa moyo wangu wote. Kondoo, nikasema. Wapigie ndoo watacheza.

Ndipo nikahisi kitu pajani kwangu. Ulikuwa mkono wa bibi. Vidole vyake vilivyokunjamana vilikuwa vinapiga, taratibu, dum, tak, vinaufuata wimbo, na uso wake kauinua juu kwenye turubai, kaufungua wote, sijapata kumwona hivyo. Wimbo ukakwisha. Kisha akaniinamia sikioni.

"Leo umepiga," akasema.

Nikadhani ananicheza shere. "Bibi..."

"Nyamaza, nakusema. Tangu u msichana nikikusikia, nilikuwa namsikia mtu anayesema, nitazameni ninavyongoja. Humngoji mwanamke wa watu, unataka uwanja mzima ujue kwamba umemngoja wewe. Kiburi kitupu. Nilitaka kukwambia nikaona utakasirika uache. Leo kiburi hakimo. Hutaki mtu akuone. Unakosea kidogo, unapita zako, kama binadamu." Akanifinya paja. "Alhamdulillahi, nimekusikia kabla sijafa."

Nimwambie? Niseme bibi, si mimi, mimi nilikuwa nakunja mashuka ili niwaaibishe, na hayo makosa unayoyapenda imeyarusha kompyuta kama shilingi? Ile niliyopiga kweli niliamrisha ifutwe? Nilitaka kulia na safari hii sikuwa na kicheko cha kufichia. Na baya kuliko yote ni kwamba nilikuwa siwezi kusema kakosea. Nilijiona pale kwenye kiti, miaka yote ile, nalegeza ngoma huku nikitazama pande zote nani kaniona nikilegeza.

Kabla ya wimbo wa pili mwenyekiti akaja, anafuta jasho, uso unang'aa. Akachuchumaa mbele yetu, akampa bibi mkono, kisha akanishika mimi wa kwangu.

"Shoga'ngu, sikiliza," akasema, na sijapata kumsikia akisema bila ya maringo namna ile. "Nimeiona leo kazi yako. Tusifichane, mie nilitaka kukuondoa. Sasa naona haya. Ijumaa tuna shughuli Mbweni, kubwa. Nataka uje mwenyewe ukae kitini kwako, kinanda nikizime kabisa. Utakuja?"

Ndicho nilichokuwa nikikitaka. Alikuwa amechuchumaa mavumbini, mbele ya watu, ananiomba. Pembeni yangu bibi alikuwa kageuza sikio lake zima, lile zuri, anangoja kusikia nitasema nini, na mkono wake bado uko pajani kwangu.

"Wataniletea gari Ijumaa," bibi akasema. "Nataka nikusikie tena vilevile."

Vilevile hiyo haikuwamo mkononi mwangu, ilikuwamo kwenye mashine. Nikamtazama mwenyekiti. Nikautoa mkono wangu mikononi mwake.

"Wekeni hiyohiyo ya mashine," nikamwambia. "Mie nimechoka."

Sikuwa nimechoka hata kidogo.